Baada ya Gari la Matangazo Kuondoka: Kampeni na Mpiga Kura wa Ufipa

Kampeni za uchaguzi mkuu nchini Tanzania huanza mwishoni mwa Agosti na kufungwa siku moja kabla ya kupiga kura mwishoni mwa Oktoba, na katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, majira hayo yana uzito ambao mpangaji wa kampeni aliyeko Dar es Salaam au Dodoma anaweza kuupita bila kuuona. Mvua za Rukwa ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai, kwa hiyo mgombea anapofika Laela, Matai, Msanzi au Namanyere humkuta mkulima akiwa na mahindi ghalani au sokoni, mbolea ya msimu ujao ikiwa haijanunuliwa, na mazungumzo ya kila jioni yakiwa ni bei ya gunia. Mkulima huyo hahitaji kuelezwa hali ya uchumi wa nchi, maana ameipima kwa debe wiki hiyohiyo. Kinachohitaji maelezo ni jinsi maneno ya wageni wanaopita kijijini kwa saa moja au mbili yanavyoweza kumgusa mtu wa namna hiyo hata akaamua kura yake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hotuba ya jukwaani peke yake humgeuza mpiga kura kwa nadra sana. Kazi yake kubwa ni kumpatia mambo ya kuzungumza na jirani zake baadaye, na kampeni yenye nguvu Ufipa ni ile iliyoacha nyuma yake watu wa palepale wanaoweza kuyaendesha mazungumzo hayo mgombea akiwa ameshaondoka.

Wazo hili lina historia ndefu katika taaluma ya mawasiliano. Mwaka 1940, Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Kaunti ya Erie katika jimbo la Ohio, Marekani, katika kipindi chote cha kampeni za Franklin Roosevelt na Wendell Willkie, wakitarajia kuiona nguvu ya redio na magazeti ikiwageuza watu. Waliyoyaona, na kuyachapisha mwaka 1944, yalikuwa kinyume na matarajio: wengi walikuwa na msimamo kabla ya kampeni kuanza, kampeni iliwaimarisha katika msimamo huo, na wachache waliobadilika walitaja mazungumzo na watu wa karibu mara nyingi zaidi kuliko vyombo vya habari. Kutokana na utafiti huo likatokea wazo la mtiririko wa hatua mbili, yaani ujumbe kutoka kwenye chombo cha habari kwenda kwanza kwa watu wachache wanaofuatilia mambo na kuaminiwa na wenzao, ambao huitwa viongozi wa maoni, kisha kutoka kwao kwenda kwa wengine. Miongo mingi baadaye, Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 ya uwandani yaliyofanyika Marekani, na mwaka 2018 wakaeleza kwamba katika uchaguzi mkuu unaoshindanisha vyama, ziara za nyumba kwa nyumba, simu, barua na matangazo, kwa wastani, havikubadilisha chochote katika uamuzi wa nani apigiwe kura. Jambo ambalo utafiti mwingine umethibitisha ni kwamba mtu anayefika mlangoni na kuzungumza na mwenye nyumba ana uwezo wa kumtoa akapige kura. Kushawishi na kuhamasisha ni kazi mbili tofauti: ya kwanza inahusu mtu anamchagua nani, ya pili inahusu kama atatoka nyumbani siku ya kura, na tofauti hiyo itahitajika tena mbele katika uchambuzi huu.

Hata hivyo, matokeo ya Marekani hayawezi kuhamishiwa Ufipa kama yalivyo, kwa kuwa njia za kampeni zenyewe hazifanani. Dan Paget, mtafiti aliyezichunguza kampeni za Tanzania kwa karibu, ameeleza kwamba nchini humu mkutano wa hadhara ndiyo njia kuu ya mgombea kukutana na wananchi, kiasi kwamba sehemu kubwa ya wapiga kura huhudhuria angalau mkutano mmoja, jambo lisilo la kawaida katika demokrasia zinazotegemea televisheni. Wagombea urais huruka kutoka mkoa hadi mkoa, lakini uzito wa hesabu uko chini, katika mamia kwa mamia ya mikutano midogo ya wagombea ubunge na udiwani inayofanyika kila siku katika kata. Mkoani Rukwa ugumu wa kazi hiyo unatokana na ardhi yenyewe. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki na mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa magharibi viko karibu mita 1,000 chini yake, na mgombea wa jimbo la Kwela hana budi kuomba kura Laela na Mpui kwenye baridi ya uwandani, kisha ateremke kwenye joto la Muze na Mtowisa, kwa watu ambao kilimo chao, mifugo yao na hata asili yao ni tofauti, kwa kuwa bondeni wamo wafugaji wengi wa Kisukuma waliohamia tangu miaka ya 1970.

Inafaa kuuangalia mkutano mmoja wa kata jinsi unavyoendeshwa kwa kawaida. Ratiba hupangwa mapema na vyama pamoja na wasimamizi wa uchaguzi ili misafara isigongane, na maadili ya uchaguzi yanaruhusu mikutano kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni tu. Gari la matangazo hutangulia, spika zikiwa zimefungwa juu, likizunguka vitongoji kwa nyimbo za chama na jina la mgombea. Watoto hufika kwanza, kisha wanachama waliovaa sare, wengi wao wanawake wenye kanga na fulana za chama, ambao huketi mbele na kuitikia kila kaulimbiu inayotupwa. Wanaume wasiotaka kuhesabiwa upande wowote husimama mbali kidogo, karibu na maduka au wakiegemea bodaboda, ambako spika inasikika vizuri lakini macho ya wenye mkutano hayafiki. Viongozi wa kata hufungua, mgombea udiwani husema kidogo, mgombea ubunge husema zaidi, na akiwapo mgeni wa kitaifa, humalizia kwa kumnadi mgombea, yaani kumtangaza kwa sifa na kumwombea kura huku akimkabidhi kitabu cha ilani, ambacho ni hati ya ahadi za chama kwa miaka mitano. Wenye sare walikuwa wamekwisha kuamua kabla hawajatoka nyumbani. Walengwa halisi wa mkutano ni wale waliosimama pembeni, na hao hawapigi makofi wala hawainui mkono, kwa hiyo kelele za uwanja hazimwambii mgombea kama wamesadiki. Augustine Mrema alivuta umati usio na kifani mwaka 1995 akiwa mgombea urais wa chama cha NCCR-Mageuzi, lakini alitangaziwa kura pungufu ya asilimia 28, na Edward Lowassa, mgombea wa upinzani aliyejaza viwanja mwaka 2015, alipata asilimia 39.97 dhidi ya asilimia 58.46 za John Magufuli.

Lugha nayo ina nafasi yake. Maadili ya uchaguzi yanataka kampeni ziendeshwe kwa Kiswahili, na mkalimani atumike pale tu inapolazimu, utaratibu wenye mizizi katika azma ya TANU, chama tawala cha baada ya uhuru, ya kuzuia siasa za ukabila. Azma hiyo ilikuwa njema, na matokeo yake kwa amani ya nchi ni makubwa. Lakini upo upande wa pili usiozungumzwa: Kiswahili cha jukwaani Ufipa ni lugha ya serikali, ya shule na ya mgeni wa heshima, na mzee wa kijijini anayekielewa barabara anaweza kukitumia kwa kukubali tu, kwa kuwa ndivyo mgeni anavyopokelewa. Uamuzi wa kama mgeni alisema kweli hufanyika baadaye kwa Kifipa, au kwa Kimambwe na Kilungu upande wa Kalambo, kwenye kilabu cha pombe ya ulezi, mashine ya kusaga, kisimani, na njiani watu wanaporudi kutoka mnadani. Humo ndimo hatua ya pili ya Lazarsfeld inapotokea. Neno "miundombinu" lililotajwa mara kumi jukwaani hugeuka kuwa daraja la mto fulani ambalo lori la mahindi lilikwama mwaka jana, na anayelitafsiri hivyo ndiye anayeamua kama ahadi ile ilikuwa na maana.

Zamani serikali ya chama kimoja ilijaribu kuiondoa fedha na hila kabisa katika ushawishi huo, na jaribio hilo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa leo. Katika uchaguzi wa 1965 karibu kila jimbo liliteuliwa wagombea wawili wa TANU, ambao walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja mbele ya watu walewale na kuulizwa maswali yaleyale, huku wakikatazwa kutumia kabila, dini au rangi, na kutakiwa kutumia Kiswahili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Kwa kuwa sera ilikuwa moja, wagombea walizigeuza alama hizo kuwa hoja, mwenye jembe akijinasibu na chakula na mwenye nyumba akijinasibu na hifadhi ya familia, na wapiga kura wakazipima tabia zao. Utaratibu huo ulikuwa na mipaka mikubwa, kwa kuwa uteuzi wa mwisho ulikuwa wa chama na kiti cha urais hakikuwa na mshindani, lakini ndani ya mipaka hiyo wabunge wengi waliokuwa madarakani walianguka, akiwemo Waziri wa Fedha Paul Bomani. Mpiga kura alijifunza jambo ambalo halijafutika: kwamba inawezekana kukiunga mkono chama na kumkataa mtu wake.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na uchaguzi wa kwanza kufanyika 1995, kampeni zilipata mambo mawili mapya, yaani kaulimbiu na fedha. Kaulimbiu za chama tawala, CCM, zinajulikana hata kwa asiyefuatilia siasa: "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya" na "Maisha Bora kwa Kila Mtanzania" za Jakaya Kikwete mwaka 2005, "Hapa Kazi Tu" ya Magufuli mwaka 2015, na "Kazi na Utu" ya mwaka 2025. Upinzani nao ulijibu kwa neno "Mabadiliko" mwaka 2015, na kwa "Uhuru, Haki na Maendeleo ya Watu" ya Chadema mwaka 2020. Kaulimbiu fupi hudumu kwa sababu inabebeka. Mtu anaweza kuitumia kumtania mwenzake kazini, na kila utani huirudia. Udhaifu wake ni kwamba inabebeka pia na mpinzani: "Maisha Bora" ikawa kipimo ambacho wananchi walikitumia kumhukumu aliyeitoa kila bei ya sukari ilipopanda.

Jambo la fedha ni zito zaidi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kitendo cha mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kilichopewa jina la takrima, kisihesabiwe kuwa rushwa. Hoja ya watetezi wake ilikuwa kwamba Mwafrika hampokei mgeni bila chakula, na kwamba pilau au soda mkutanoni ni ukarimu tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili walilipeleka suala hilo Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji walivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimpa mwenye mali nafasi asiyokuwa nayo maskini na kumnyima mpiga kura haki ya kuchagua bila shinikizo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikafuata, ikidai mgombea aeleze fedha zake zinakotoka na kuweka ukomo wa matumizi. Uamuzi wa mahakama ulikuwa sahihi, na hoja ya mila ilistahili kukataliwa hata kwa mizani ya mila yenyewe, kwani katika utamaduni wa Ufipa, kama kwingineko, mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni, ilhali katika takrima mgeni ndiye aliyekuja na sufuria. Kanga, kofia na fedha za mafuta ya bodaboda havijakwisha, lakini mpokeaji amezoea kuvipokea kutoka pande zote na kupiga kura anavyotaka, jambo linaloonyesha kwamba fedha peke yake, isipoambatana na mtu anayeaminika, hununua mahudhurio zaidi kuliko utii.

Kuhusu ahadi, utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa Leonard Wantchekon nchini Benin, ambako katika uchaguzi wa 2001 vijiji vilivyoteuliwa kwa bahati nasibu vilipelekewa ama ujumbe wa manufaa ya eneo lao au ujumbe wa sera za taifa zima. Ahadi za eneo zilivuta kura zaidi, ingawa wanawake walizijali sera za jumla kuliko wanaume. Mgombea wa Rukwa hana haja ya kuusoma utafiti huo ili kuufuata, kwa maana barabara imekuwa lugha ya siasa ya mkoa huu tangu ulipoanzishwa mwaka 1974. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia na kukamilika katikati ya miaka ya 2010, ilipunguza safari iliyokuwa ikila siku nzima, na ile ya Sumbawanga kwenda Matai hadi bandari ya Kasanga imekuwa ikitajwa katika kampeni moja baada ya nyingine. Ahadi ya barabara ina sifa ambayo ahadi nyingine hazina: kila anayepita anaikagua. Lami iliyofika ni hoja isiyohitaji msemaji, na lami iliyoishia njiani ni hoja ya upinzani iliyoandikwa na serikali yenyewe.

Bei ya mahindi ni ngumu zaidi kuahidiwa, kwa sababu inaamuliwa na mambo mengi kwa pamoja: ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wenye kanda yake Sumbawanga, mpaka wa Zambia kupitia Kasesya na Tunduma, na amri za serikali. Mwezi Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza katazo la kuuza mahindi nje ya nchi, kwa nia ya kulinda akiba ya chakula, na katika msimu uliofuata bei katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini iliporomoka, mkulima aliyekopa mbolea akibaki na deni na ghala lililojaa. Kuna pia kero ya lumbesa, ambayo ni gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kilemba juu kupita kilo 100 lakini kulipwa kama gunia moja. Majukwaa yote hulaani lumbesa. Mkulima wa Msanzi au Kate husikiliza laana hizo akijua ni nani katika kata yake ananunua kwa lumbesa, na kama mnunuzi huyo ameketi meza kuu nyuma ya mgombea, hotuba yote huishia hapo. Hili ndilo jambo ambalo wataalamu wa picha na kaulimbiu hulisahau: katika jamii ambamo watu wanajuana, waliomzunguka mgombea ni sehemu ya ujumbe wake.

Kwa mantiki hiyohiyo, Mizengo Pinda, Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015 na mbunge kutoka Mpanda, ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya Rukwa kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Katavi, alijijengea sifa kwa kujiita mtoto wa mkulima. Maneno hayo yalikuwa na nguvu kwa kuwa yalifanana na namna alivyoishi na kuvaa mbele ya watu waliomjua. Yangetamkwa na mwingine, yangekuwa tangazo tu.

Nguvu ya kubaki kijijini, kwa hesabu ya kawaida, iko upande wa CCM. Chama hicho kilirithi kutoka TANU mtandao wa mabalozi wa nyumba kumi, ulioanzishwa katika miaka ya 1960, ambao kila balozi anazijua kaya zake, anajua nani ameugua, nani amegombana na nani, na nani hakuhudhuria mkutano. Ingawa tangu 1992 balozi ni kiongozi wa chama na si wa serikali, wananchi wengi bado humwendea kusuluhishwa ugomvi au kutambulishwa ofisini, na heshima hiyo huandamana naye anapoomba kura. Makada wa CCM huiita kazi hiyo kampeni ya mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba, na ujumbe wanaoupeleka mara nyingi ni wa mafiga matatu, yaani kumwomba mpiga kura achague rais, mbunge na diwani wa chama kimoja kwa kuwa chungu hakikai kwenye figa moja. Vyama vya upinzani vimekuwa na misafara, helikopta na operesheni za kufungua matawi, kama Operesheni Sangara na Vuguvugu la Mabadiliko za Chadema, lakini operesheni hupita, na tawi lisilo na mtu wa kulihudumia hufa kabla ya bendera yake kuchakaa.

Ndiyo maana matokeo ya Nkasi Kaskazini mwaka 2020 yanastahili kuchunguzwa kuliko yalivyochunguzwa. Katika uchaguzi huo Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 84, wagombea ubunge zaidi ya 20 wa CCM walipita bila kupingwa, na upinzani wa Tanzania Bara ulipata majimbo mawili tu: Mtwara Vijijini kwa Shamsia Mtamba wa CUF, na Nkasi Kaskazini kwa Aida Khenani wa Chadema, aliyemshinda kwa tofauti ndogo Ally Keissy, mbunge wa CCM wa miaka kumi aliyejulikana Bungeni kwa kusema bila kuficha. Chadema kote nchini haikupata jimbo jingine. Ushindi huo haukutokana na nguvu ya kampeni ya kitaifa, kwa sababu kampeni hiyohiyo ilishindwa kwingine kote. Wala haukutokana na viongozi wa vijiji, kwa sababu katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, ambao Chadema ilijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Wala mikutano haikuwa imewaandaa watu kwa miaka, kwani tangu 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa nje ya majira ya kampeni.

Kilichobaki ni mtu na jimbo. Khenani alikuwa mbunge wa viti maalumu tangu 2015, kwa hiyo alikuwa na miaka mitano ya kujulikana kwa jina na sura. Jimbo lenyewe lina wapiga kura wa aina mbili, wakulima wa Namanyere na vijiji vya uwandani, na wavuvi wa Kirando na Kabwe kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao kipindi hicho walikuwa wakiishi na operesheni kali dhidi ya uvuvi haramu. Haiwezekani kutoka mbali kugawa ushindi huo kwa sababu moja moja na kusema hii ilileta kura kiasi hiki. Hata hivyo, mfumo wa kampeni unaonyesha angalau jambo moja: katika mazingira ambamo sauti rasmi zote zilikuwa upande mmoja, mazungumzo yasiyo rasmi yaliweza kufika kwenye hitimisho tofauti, na figa moja kati ya matatu likaondolewa. Wapiga kura wa Nkasi walifanya kile ambacho wapiga kura wa 1965 walikifanya kwa jembe na nyumba, yaani kumpima mtu. Tofauti ni kwamba safari hii walikuwa na mtu wa chama kingine wa kumpima.

Redio na simu zimeongeza kasi ya mazungumzo hayo bila kuyahamisha mahali pake. Redio ya taifa ingali ikisikilizwa shambani, redio za mjini Sumbawanga huwaleta wagombea kujibu maswali kwa Kiswahili cha nyumbani, na makundi ya WhatsApp ya watu wa kata moja, wakiwemo wale waliohamia Mbeya au Dar es Salaam, husambaza kipande cha hotuba kabla mgombea hajafika kijiji cha pili. Idadi ya watu wa Rukwa ilipanda kutoka takriban milioni 1 katika sensa ya 2012 hadi zaidi ya milioni 1.5 katika ile ya 2022, na maana yake kwa kampeni ni kwamba sehemu kubwa ya wapiga kura wapya ni vijana wasiomkumbuka Mrema wala uchaguzi wa 1995. Mgombea anayewahubiria shukrani kwa yaliyofanywa na waasisi anawazungumzisha babu zao.

Yote haya yanategemea sharti moja, kwamba kuwe na zaidi ya upande mmoja wa kuzungumziwa. Katazo la mikutano liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023, na kwa muda viwanja vya Sumbawanga na Namanyere viliweza tena kusikia hoja zikijibiwa. Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji, huku upinzani ukilalamikia tena kuenguliwa kwa wagombea wake. Aprili 2025 mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na chama chake, kilichodai mageuzi kabla ya uchaguzi na kukataa kusaini maadili, kikaondolewa kwenye kinyang'anyiro. Oktoba 29, 2025 kura zikapigwa, miji kadhaa ikakumbwa na maandamano na vifo, intaneti ikazimwa, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Samia mshindi kwa karibu asilimia 98.

Katika hali hiyo, ile tofauti ya kushawishi na kuhamasisha inakuwa na maana ya moja kwa moja. Balozi wa nyumba kumi wa Nkasi Kaskazini, ambaye mwaka 2020 alilazimika kueleza kwa nini mgombea wake ni bora kuliko Aida Khenani, mwaka 2025 hakuwa na mgombea wa Chadema wa kumjibu. Kazi iliyosalia ilikuwa kuwatoa watu nyumbani. Kampeni ya namna hiyo hupoteza masikio yake, kwa kuwa mgombea asiyelazimika kumshinda mtu hana sababu ya kutaka kujua waliosimama pembeni walisema nini kuhusu lumbesa, nyavu au bei ya NFRA baada ya yeye kuondoka. Hasara hiyo inawahusu pia watawala, kwa sababu taarifa hizo haziletwi na mtandao wa watu waliozoea kupeleka habari njema. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa unatarajiwa mwaka 2029, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, na atakayetaka kujua kama kampeni za 2030 Ufipa zitakuwa za ushawishi au za hamasa tu ataanza kupata jibu mapema, kwenye fomu za wagombea wa vitongoji vya Msanzi, Kate na Kirando, kwa kuangalia nani amerudishiwa fomu yake na nani ameachwa agombee.